Siku moja Entebbe na familia: bustani ya miti na ufukwe wa ziwa, naomba ushauri wa wenyeji

Baba wa Ntinda aliuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mama yangu mzazi amekuja kutoka Muheza, Tanga, kututembelea hapa Kampala kwa majuma machache, na wajukuu wake wamekwisha kumwahidi kwamba hataondoka kabla ya kukanyaga mchanga wa Ziwa Viktoria. Mimi na mke wangu tumeamua kuitenga Jumamosi moja kwa ajili ya Entebbe, ili tuizunguke ile bustani ya mimea yenye miti mikubwa inayoteremka hadi karibu na maji, kisha tuhamie kwenye ufukwe mmojawapo ulio jirani, tule samaki na watoto wacheze mpaka wachoke.

Jambo linalonitatiza zaidi ni ziwa lenyewe. Watoto wetu wana miaka 14, 9 na 4, wawili wakubwa wanajua kuogelea, na tangu waliposikia habari ya ufukwe hawazungumzi jambo jingine. Nimesikia juu ya kichocho tangu nilipohamia Uganda, lakini kila mwisho wa juma naona picha za vijana waliojaa majini huko huko Entebbe. Sipendi kuwanyima watoto furaha kwa hofu isiyo na msingi, wala sipendi kuwaponza kwa sababu tu ya kuona haya kuwakatalia mbele ya bibi yao.

Pia sijui tuanzie wapi, bustanini au ufukweni, na kama mtoto wa miaka 4 anaweza kustahimili saa mbili tatu za kutazama miti bila kulia. Mama ni mkulima wa maisha yake yote, anaipenda mimea kuliko anavyopenda majumba, ila magoti yake hayaelewani na miteremko. Tutakwenda kwa gari letu wenyewe. Mwenye uzoefu wa siku ya namna hii anieleze kwa kirefu, nitashukuru.

Mama wa Kitoro alijibu:

Ndugu Baba wa Ntinda, karibuni sana mjini kwetu, na mfikishie mama shikamoo yangu. Ninaishi Entebbe, na bustani hii ndiyo mahali ninapowapeleka wageni wangu wote, kwa hiyo niruhusu niisemee kwanza, maana watu wengi huichukulia kama kituo cha kupigia picha njiani kuelekea ufukweni. Ninyi fanyeni kinyume chake. Ipeni bustani asubuhi yote, na ufukwe upeni kile kitakachobaki.

Sababu yangu ya kwanza ni jua. Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua la mchana juu ya mchanga mtupu humchosha mtu mzima, sembuse mtoto mdogo, ilhali chini ya miti ile kuna ubaridi hata saa sita mchana. Sababu ya pili ni wanyama na ndege. Asubuhi mbega hushuka kwenye matawi ya chini kutafuta majani machanga, hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mabawa ambacho mtasikia kabla hamjawaona, na tumbili huwa bado hawajaanza kuzurura kwenye vikapu vya chakula vya wageni. Kufika saa mbili na nusu asubuhi kunafaa kuliko kufika saa tano.

Mama yako, kama mkulima, atafurahi kujua mahali pale palivyoanza. Bustani ilianzishwa mwaka 1898, wakati Entebbe ilipokuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte. Haikukusudiwa kuwa mahali pa kupumzikia. Lilikuwa shamba la majaribio, ambako mimea ya biashara kutoka pande nyingine za dunia, kama vile mpira, kakao, chai na aina mbalimbali za kahawa, ilipandwa ili ionekane ni ipi itakayokubali udongo na mvua za Uganda. Ndiyo maana leo unaweza kusimama chini ya mti uliotoka Asia, ukageuka ukaona mwingine uliotoka Amerika ya Kusini, kisha ukashuka hatua chache tu ukaingia katika kipande cha msitu wa asili chenye kamba za mimea zinazoning'inia mpaka chini. Eneo lote ni hekta 40 hivi, kwa hiyo msijaribu kulimaliza.

Mchukueni mwelekezaji pale langoni na mpatane naye bei kabla ya kuanza kutembea. Nasema hivi kwa kusisitiza kwa sababu miti mingi haina vibao, na pasipo mtu wa kuwafafanulia mtaona ukijani tu. Yeye atachuma jani la mdalasini, alisugue viganjani na kumpa mtoto anuse. Atawaonyesha mkakao, na hapo mwacheni yule mdogo asogee karibu kabisa, kwani tunda la kakao halining'inii kwenye ncha za matawi kama embe. Linachomoza moja kwa moja kwenye shina, na likipasuliwa ndani yake kuna nyama nyeupe, laini, yenye utamu uliochanganyika na ukali, imezizunguka mbegu ambazo hazina ladha ya chokoleti hata kidogo. Sijapata kumwona mtoto aliyeangalia jambo hilo akabaki akilia.

Kuhusu magoti ya mama, magari huruhusiwa kuingia ndani kwa malipo. Mpelekeni kwa gari mpaka sehemu ya tambarare, mbebe kiti cha kukunja na mkeka, mumketishe mahali penye kivuli panapoonekana ziwa, na ninyi mzunguke kwa mafungu huku mmoja akibaki naye. Ada ya kuingia hutofautiana kati ya raia na wageni, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, na muwe na fedha taslimu za noti ndogo ndogo.

Mwana wa Masese aliandika:

Nakubaliana na dada wa Kitoro juu ya bustani, lakini naomba nilitetee ziwa kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Masese, Jinja. Tulijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, na wazee wetu walioishi kwa kuvua ngege (sato) na sangara wamefika umri mkubwa. Mtoto aliyekuja kutoka Kampala, akaambiwa aketi mchangani na kutazama maji kutoka mbali, atalichukia ziwa badala ya kulipenda, na tukifanya hivyo kwa kizazi kizima tutapata watu wanaoishi kando ya maji bila kuyajua.

Tulivyoambiwa sisi ni kwamba konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye matete na magugu. Kwa hiyo, chagueni ufukwe wa mchanga ulio wazi, wenye mawimbi, usio na matete wala gugu maji, na muepuke mahali mitumbwi inapoegeshwa. Watoto wakubwa waingie kwa muda mfupi, watoke, wajipanguse kwa taulo. Mimi ningewaruhusu wangu.

Jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi ni juu ya wale wadudu wadogo wa ziwani ambao huku tunawaita sami. Huibuka kutoka majini kwa wingi mno, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo, na kwa mbali utadhani ni moshi unaosimama juu ya ziwa. Hawaumi wala hawana sumu, lakini upepo ukiwaleta nchi kavu huingia machoni, puani na kwenye sahani. Angalieni kalenda kabla ya kuchagua Jumamosi yenu.

Muuguzi wa Wakiso alijibu:

Ndugu Mwana wa Masese, nakuheshimu kama mtu wa maji, na jambo ulilosema juu ya watoto kulijua ziwa linanigusa. Lakini katika suala la kichocho sina budi kukupinga waziwazi, kwa kuwa wagonjwa ninaowaona hawatoki kwa wavuvi peke yao.

Tuanze na konokono. Ni kweli wapo wanaoishi kwenye matete na maji yaliyotulia. Hata hivyo, Ziwa Viktoria lina aina nyingine inayoishi kwenye mchanga wa chini, hata mbali na ukingo, na hao pia hubeba vimelea. Ufukwe unaopendeza kwa macho, wenye mchanga safi na maji yanayong'aa, si ushahidi kwamba maji yake ni salama. Mtu aliyeambukizwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya mnyoo huanguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono, na baada ya majuma kadhaa konokono mmoja huanza kutoa vimelea vingine maelfu kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho, vinavyotafuta ngozi ya binadamu. Hupenya kwa dakika chache tu, bila jeraha, na mtu asihisi kitu au ahisi mwasho mdogo. Tena huachiwa kwa wingi zaidi saa za jua kali, kuanzia asubuhi iliyokwisha pambazuka vizuri hadi mchana, ambazo ndizo saa hasa ambazo familia huwa ufukweni. Kujipangusa kwa taulo kwa nguvu mara tu baada ya kuloa kunaweza kupunguza hatari, na ukirukiwa na maji kwa bahati mbaya fanya hivyo, lakini si kinga ya kutegemewa na mtu aliyeogelea nusu saa.

Jambo la pili ninamwandikia hasa Baba wa Ntinda, kwa kuwa anatoka pwani. Kule kwenu watu wakitaja kichocho hufikiria mkojo wenye damu, na wasipouona hujiona wazima. Kichocho cha Ziwa Viktoria ni cha aina nyingine, kinachoshambulia utumbo na ini. Mtu anaweza kuumwa tumbo, kuharisha mara kwa mara, kuona damu kwenye choo, au asione dalili yoyote kwa muda mrefu huku ini na bandama vikiharibika polepole. Kwa mtoto, hali hiyo huleta upungufu wa damu na uchovu, ambao mwalimu huuita uvivu. Wazee wa Masese waliofika umri mkubwa nawapongeza kwa moyo wote, ila wapo wenzao waliokufa wakitapika damu na majirani wakasema wamerogwa.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, si ghali, na tangu mwaka 2003 serikali imekuwa na mpango wa taifa wa kuigawa katika maeneo yaliyoathirika. Lakini dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, haiui vizuri ile michanga. Mtu akiimeza siku moja baada ya kuogelea hajajitibu. Kama mtoto ameingia majini, mpelekeni kituo cha afya baada ya majuma 6 hadi 8 akapimwe au apewe dawa kwa kipimo cha uzito wake, na msimpe kwa kukisia nyumbani.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni kwamba watoto wako wasiogelee ziwani. Haina maana kwamba siku imeharibika. Kando ya ziwa hapo Entebbe kuna hoteli zenye mabwawa ya kuogelea yaliyotiwa dawa, na baadhi huwapokea wageni wasiolala hapo kwa kulipia. Mpigie simu mapema uulize, kisha wale wawili wakubwa waogelee humo mpaka waridhike huku wakiliona ziwa mbele yao. Yule mdogo mtafutieni beseni pana na maji ya bomba, mweke kwenye mchanga mkavu mbali na ukingo, naye atajenga na kubomoa mpaka jioni. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kumwangalia yeye tu, bila simu mkononi, kwani kuzama ni hatari ya dakika moja, na mtoto anayezama hapigi kelele.

Mwalimu wa Mukono aliandika:

Nimesoma maelezo ya muuguzi nikayahifadhi kwa ajili ya wanafunzi wangu, asante sana. Mimi nitajibu lile swali la kama watoto watastahimili miti, kwa kuwa nafundisha sayansi na nimewahi kuongoza madarasa katika bustani ile.

Mtoto hachoshwi na miti, huchoshwa na kuambiwa atazame bila kupewa jambo la kutazamia. Wa miaka 9 mpeni kazi ya mbega. Mwambieni amtafute mtoto mchanga katika kundi, maana mbega huzaliwa akiwa mweupe mwili mzima, na manyoya meusi humwota baadaye, kwa hiyo kichanga huonekana kama pamba iliyonasa kwenye kifua cha mama yake. Kisha aangalie mikono yao wanaposhika tawi, aone kama kuna kidole gumba. Mbega karibu hawana, na bado wanaruka kutoka mti hadi mti bila kukosea. Watoto niliowapa swali hilo walisimama kimya kwa muda ambao sijawahi kuupata darasani. Mwonyesheni pia tofauti yao na tumbili: mbega hula majani, ana tumbo la kuyavundika polepole, na hana haja na mkate wako, wakati tumbili atakuja mpaka mezani. Msiwalishe tumbili hata kipande cha ndizi. Anayezoea kulishwa hujifunza kunyang'anya, na anayenyang'anywa kwa kawaida ni mtoto mdogo kuliko wote.

Kwa wa miaka 14, ningemwambia ahesabu ni mimea mingapi kati ya ile anayoonyeshwa ndiyo anayoila au kuitumia nyumbani, na kila mmoja aulize ulitoka wapi. Atashangaa. Kakao na mpira vimetoka Amerika, chai imetoka Asia, lakini kahawa ya robusta, ambayo ni zao kubwa la Uganda, imekuwa ikiota yenyewe katika misitu ya nchi hii tangu zamani. Mwulizeni mwelekezaji awaonyeshe pia mutuba, mti ambao Waganda hutengenezea kitambaa cha gome. Gome huambuliwa kwa uangalifu, shina hufunikwa kwa majani ya mgomba, na mti huota gome jipya na kuvunwa tena. Ufundi huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ulitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Bibi yao atapenda kuona mti unaovuliwa nguo yake bila kuuawa.

Nikimtaja bibi, nimefurahi kusikia kwamba anatoka Muheza. Huko kwao milimani kuna bustani ya Amani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kwa madhumuni yale yale ya kujaribu mazao ya biashara, miaka minne tu baada ya hii ya Entebbe. Mpeni nafasi ya kuwaeleza wajukuu alichokiona huko na kulinganisha. Si ajabu akautambua mti kabla ya mwelekezaji kuutaja.

Inueni macho pia. Kuna kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu wanaoruka kwa makundi, huru kabisa, wakipiga mluzi. Watoto wengi wa Kampala wamemwona ndege huyo akiwa tunduni tu. Kwa sababu ya kutegwa na kuuzwa amepungua sana Afrika, hata nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zikakubaliana mwaka 2016 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Kumwona juu ya mti, akiwa na wenzake, ni jambo ninalotamani kila mtoto wa Uganda alipate.

Mkienda kwa barabara ya zamani mtapita Kisubi, ambako uko msitu mdogo wa Ziika. Ni msitu wa utafiti, haupitwi ovyo, lakini mkubwa wenu anapaswa kujua kwamba virusi vya zika, ambavyo dunia nzima ilivitetemekea mwaka 2016, vilitambuliwa mwaka 1947 kutoka kwa kima wa utafiti aliyewekwa katika msitu huo na watafiti waliokuwa na kituo chao papo hapo Entebbe.

Baba wa Ntinda aliandika tena:

Sijui niwashukuru vipi. Suala la kuogelea nimelimaliza: watoto wataogelea kwenye bwawa, na nimekwisha kuwaeleza kwa maneno ya muuguzi, wakaelewa. Mama aliposomewa habari za Amani alicheka kwa furaha, akasema aliwahi kuingia mle akiwa msichana, na sasa yeye ndiye anayetuharakisha.

Nimebakiwa na wasiwasi wa mvua, kwa kuwa tunaingia katika miezi ya masika. Tukiamka kukinyesha, tuahirishe? Na je, mtumbwi wa kuwazungusha watoto karibu na ufukwe mnaushauri?

Mama wa Kitoro alijibu:

Msiahirishe kwa sababu ya mvua ya alfajiri. Upande wetu huu wa ziwa, mawingu mengi hujikusanya juu ya maji wakati wa usiku na kutufikia mapema asubuhi, kwa hiyo mara nyingi Entebbe huamka ikilowa kisha ikapata mchana mzuri. Chelewesheni safari kwa saa moja au mbili, mkapige simu kwa mtu aliyeko huku kabla ya kukata tamaa. Baada ya mvua vaeni viatu vilivyofunika vidole na muangalie chini mnapotembea, kwani siafu hutoka kwa misafara, na mtoto aliyesimama juu ya msafara wao hasahau.

Radi ndiyo ya kuogopwa kwa dhati. Eneo la ziwa hili ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani. Mkisikia ngurumo, hata kama jua bado linawaka, kusanyeni watoto mwingie ndani ya gari na kufunga vioo. Msikimbilie chini ya mti mrefu, na katika bustani ile karibu kila mti ni mrefu, na wala msibaki kwenye mchanga ulio wazi wala bwawani.

Mchague pia ufukwe baada ya kuuliza hali yake ya sasa. Ziwa halina maji kupwa na maji kujaa kama bahari aliyoizoea mama, lakini kimo chake hubadilika kwa miezi na miaka. Mwaka 2020 maji yalipanda kupita kiasi, yakaingia mpaka kwenye majengo ya fukwe kadhaa za hapa, na sehemu ya mchanga tuliokuwa tukiutembelea ilipotea. Picha za zamani zitawadanganya.

Mwana wa Masese aliandika:

Dada muuguzi, nimekusoma mara mbili, na habari ya konokono wa mchangani sikuwa naifahamu. Nitawapeleka wangu wakapimwe.

Kuhusu mtumbwi, kaka, sharti langu ni moja. Kila mtu awe na jaketi la kuokolea linalomtosha mwilini, limefungwa kabla mtumbwi haujasukumwa, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Mwenye mtumbwi akisema hayatoshi, au akisema tunakwenda karibu tu, shukeni. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, si mbali na nchi kavu, na watu zaidi ya 30 walifariki, wengi wao wakiwa vijana waliokwenda kusherehekea. Mkiona upepo umebadilika ghafla na maji yamekuwa meusi kwa mbali, hata majaketi yakiwepo, msipande. Kwa mtoto wa miaka 4 mimi nisingempandisha kabisa. Abaki na beseni lake.

Mama wa Kitoro alijibu:

Nami naungana nawe kwa hilo. Niongeze mambo mawili ya jikoni na barabarani, kisha niwaache mjiandae. Samaki wa ufukweni hukaangwa akiwa mzima baada ya kuagizwa, na Jumamosi jiko hujaa. Mkifika tu, kabla hata hamjatandika mkeka, mmoja wenu aende akachague ngege mwenyewe kwenye barafu, aangalie mashavu yawe mekundu na macho yasiwe yamezama, apatane bei kwa samaki mmoja mmoja, aulize kama bei hiyo ina chipsi au gonja (aina ya ndizi za kupika) ndani yake. Mtoto mdogo mbebeeni chapati kutoka nyumbani, maana hataweza kusubiri.

Kurudi Kampala, ondokeni saa kumi na nusu, au basi ngojeni mpaka saa mbili usiku ipite. Kati ya saa hizo barabara ya zamani hukwama kuanzia Kajjansi. Barabara mpya ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018 huwapunguzia sehemu kubwa ya adha hiyo, ila mnapoiacha na kuingia mjini foleni huwa iko pale pale. Mkiamua kungoja, mpakeni kila mmoja dawa ya mbu mikononi na miguuni ifikapo saa kumi na mbili, na mama afunikwe shuka miguu, kwa kuwa upepo wa ziwani usiku huwa na baridi kuliko watu wa Tanga wanavyotarajia.